GARI LA FAHARI NA TOPE LA KAMACHUMU

Soko la magari la dunia nzima limeingia mfukoni mwa kila mtumishi. Mwalimu aliyepumzika kivulini mwa migomba pale Kamachumu, au karani aliyemaliza kazi zake za mchana katika ofisi ya wilaya pale Muleba, aweza kufungua simu yake akatazama magari yanayouzwa Yokohama, Durban na London. Jambo hilo lenyewe si baya. Ubaya huanza pale macho yanapoacha kutafuta chombo cha kazi yakaanza kutafuta pambo. Na katika mapambo yote yaendayo kwa magurudumu, hakuna linalomlevya msomi kwa hila kubwa kuliko lile gari la Kiingereza la wazi, la viti viwili, lenye sura ya kale na mitambo ya kisasa, ambalo muuzaji wake huapa kwamba limetembea kilomita chache tu.

Mfano ulio bora wa gari hilo ni Morgan, liundwalo katika mji wa Malvern, magharibi ya Uingereza. Kampuni hiyo ilianza kazi zaidi ya miaka 110 iliyopita kwa kuunda magari ya magurudumu matatu, na mwaka 1936 ikatoa gari lake la kwanza la magurudumu manne. Tangu hapo sura haikubadilika sana: boneti ndefu, taa za mviringo zilizotokeza mbele, madigadi yaliyopinda kama mabawa, na turubai jepesi la kujikinga na mvua. Mwili wa gari hushikiliwa na mbao zilizorandwa kwa mkono. Lakini ndani ya boneti ya Plus Six ya mwaka 2019 na Plus Four ya mwaka 2020 iliwekwa injini ya BMW ya Ujerumani, yenye kuongozwa na kompyuta, juu ya chasisi ya alumini. Na mwaka huo huo wa 2019, sehemu kubwa ya hisa za kampuni ilinunuliwa na wenye mitaji wa Kitaliani. Basi ndilo hilo gari la Kiingereza: moyo wa Kijerumani, mwenye mali Mtaliani, na vazi la babu Mwingereza.

Swali ni hili: mtumishi wa Tanzania, na hasa mtumishi wa Bukoba na Muleba, analitakia nini?

Hoja ya pesa

Kabla ya kujibu kwa maneno, ni vema hesabu isemwe, kwa kuwa hesabu haina upendeleo. Plus Four ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa Uingereza kwa karibu pauni 63,000. Mwaka huo pauni moja ilikuwa chini kidogo ya shilingi 3,000. Bei hiyo basi ilizidi shilingi milioni 180. Katika mwaka huo huo mwalimu mwenye shahada aliyeanza kazi serikalini alilipwa mshahara wa shilingi 716,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwalimu huyo angelazimika kufanya kazi miezi 250, yaani takriban miaka 21, bila kula, bila kupanga nyumba, bila kulipia mtoto daftari, ndipo alipe bei ya gari tupu likiwa bado Uingereza. Akisema atanunua lililotumika kidogo, na ajaliwe kupunguziwa theluthi moja ya bei, bado ni miaka 14.

Hapo meli haijapakia. Gari likifika Dar es Salaam hudaiwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, kisha ushuru wa bidhaa kadiri ya ukubwa wa injini, kisha kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, na kila moja huhesabiwa juu ya ile iliyotangulia. Kwa hesabu hiyo peke yake serikali hudai zaidi ya nusu ya thamani ya gari pamoja na nauli na bima yake, mbali na ada ndogo ndogo. Baada ya hapo imebaki safari ya kutoka pwani hadi ziwani, nchi nzima kwa upana wake.

Sasa na ijulikane wazi kwamba mshahara wa mtumishi hauwezi kulinunua gari hilo. Kanuni ya utumishi inataka mtumishi abaki na theluthi moja ya mshahara wake kila mwezi baada ya makato yote. Mkopo unaotosha gari la namna hii haumo katika theluthi mbili zilizobaki. Kwa hiyo mtumishi atakayeonekana nalo atakuwa amelipata kwa njia nyingine. Huenda ni halali: urithi, biashara, shamba la vanila lililostawi. Lakini huenda si halali, na wananchi wanayo haki ya kuuliza. Ndiyo maana Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka miiko ya viongozi, na ndiyo maana hata baada ya miiko hiyo kulegezwa Zanzibar mwaka 1991, Bunge lilitunga Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma mwaka 1995, ambayo humtaka kiongozi atangaze mali yake. Gari lisilo na paa halifichi kitu. Aliyemo huonekana, na swali la jinsi alivyolipata huonekana pamoja naye.

Hoja ya mvua na udongo

Watetezi wa fahari husema pesa ni za mtu na anayo hiari. Basi hoja ya pesa na iwekwe kando kidogo, na gari lijaribiwe kwa kazi yake.

Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi kuliko yote Tanzania. Katika mwaka mmoja hunyesha kiasi cha milimita 2,000, mara tatu ya mvua ya London, mji ambao wenyeji wake wenyewe huulalamikia unyevu wake. Mvua ya Bukoba hutoka ziwani alfajiri kwa radi na kishindo, na mwezi wa Aprili haimpi mtu nafasi ya kuanua kahawa. Kuleta gari la wazi mahali hapa ni sawa na kuleta mtumbwi Dodoma.

Barabara kuu ya lami itokayo Bukoba kwenda Kemondo, Muhutwe na Muleba hupitika vizuri, na mwenye gari la fahari ataisifu. Lakini watu wa Muleba hawaishi juu ya barabara kuu. Wanaishi migombani. Wanaishi juu ya kilima cha Kamachumu, ambako njia hupanda kwa mizunguko mikali; wanaishi Nshamba na Rubya, ambako wagonjwa huletwa hospitalini kutoka mabondeni. Ikinyesha, udongo mwekundu wa njia za vijijini huteleza kama sabuni, na maji huchimba mifereji katikati ya njia. Gari ambalo tumbo lake limeachana na ardhi kwa kimo cha kiganja halitafika. Litakwama kwenye mfereji wa kwanza, na wale vijana waliodharauliwa kwa sababu wana pikipiki za kubeba ndizi ndio watakaoitwa kulinyanyua.

Na wako walimu wa Muleba ambao hata barabara hawana. Wilaya hiyo ina visiwa, Bumbire, Ikuza na Goziba vikiwa miongoni mwake. Mwalimu wa huko huvuka ziwa kwa chombo, na kila familia ya Kagera yajua gharama ya chombo kibovu tangu tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na kuchukua mamia ya roho. Mwalimu huyo akiota usafiri, huota boti imara, jaketi la kuokolea na mshahara uliofika kwa wakati. Boneti ndefu haimo katika ndoto zake.

Chombo cha usafiri katika mkoa huu kimepimwa siku zote kwa mzigo kinaoubeba. Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwezi wa Oktoba 1978, serikali iliomba na kuchukua malori na mabasi ya raia na ya mashirika ili askari na chakula vifike mstari wa mbele. Chombo kilichokuwa na nafasi ya watu na mizigo kilikuwa na thamani kwa taifa siku ile. Kipimo hicho hakijachakaa. Gari lenye nafasi ya mtu mmoja na mwenziwe haliwezi kumpeleka mama mjamzito Rubya pamoja na mkwe wake na godoro lake. Haliwezi kubeba mkungu mmoja wa ndizi bila kuchafua kiti cha ngozi.

Uongo wa kilomita chache

Muuzaji anajua udhaifu huo wote, kwa hiyo hukimbilia hoja yake kubwa: gari limetembea kidogo. Neno hilo limewaponza wengi, hata kwa magari ya kawaida ya Kijapani, na linastahili kuchambuliwa.

Gari la miaka kumi lililotembea kidogo ni gari lililokaa sana. Kukaa nako ni kazi, na huchosha vyuma kwa namna yake. Mpira wa tairi hukakamaa hata kama kashata zake zingali nzima; ndiyo maana pembeni mwa tairi hupigwa chapa ya tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka lilipotengenezwa, na mnunuzi asiyezisoma hununua kifo chenye sura mpya. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani. Sili hukauka zikaanza kuvuja siku injini inapopata moto. Betri hufa. Panya hutafuna nyaya. Fundi yeyote wa Bukoba aliyefungua gari lililoegeshwa muda mrefu anayajua haya bila kuandikiwa.

Tena namba ya kilomita ni ushahidi wa mita, na mita huweza kurudishwa nyuma. Kwa magari ya Uingereza uko ulinzi ambao mnunuzi yeyote aweza kuutumia: gari likitimiza miaka mitatu hupaswa kukaguliwa kila mwaka kwa cheti kiitwacho MOT, na kilomita zake huandikwa katika kila ukaguzi, kisha kumbukumbu hiyo huwa wazi kwa umma. Namba za kila mwaka zikipangwa kwa mfuatano, uongo huonekana. Mwenye kununua gari lolote kutoka huko na asiombe kumbukumbu hiyo, asije kulalamika kwamba amedhulumiwa, amejidhulumu.

Lakini hata namba ikiwa ya kweli, na iulizwe: kwa nini limetembea kidogo? Jibu ni kwamba mwenyewe hakulihitaji. Alilifunika shuka gerejini, akalitoa Jumapili chache za kiangazi jua lilipowaka, akalirudisha. Alikuwa na gari jingine la kwenda kazini na sokoni. Basi kilomita chache ni hati ya kwamba chombo hicho hakikuwa na kazi hata kwa tajiri wa Ulaya. Mtumishi wa Muleba anayekinunua kwa jasho la miaka 14 anataka kukipa kazi gani?

Hoja ya mitambo ya kisasa nayo hugeuka ikamdhuru anayeitoa. Land Rover ya zamani iliweza kufunguliwa kwa spana chini ya mti na ikawaka jioni. Injini ya leo inayosimamiwa na kompyuta hudai chombo cha kusoma makosa yake, na spea zinazoagizwa kwa namba. Toyota imevumiliwa vijijini kwa sababu spea zake zipo katika kila mji na kila kijana wa gereji amezishika. Morgan moja peke yake mkoani ikiharibika, itangoja sanduku kutoka ng'ambo, na mbao zake zitangoja pamoja nayo katika nchi ya mchwa na unyevu. Husemwa pia kwamba magari hayo hayapotezi bei. Ni kweli huko Uingereza, ambako vipo vyama vya wapenzi wake na wanunuzi wanaosubiri foleni. Pale sokoni Bukoba mnunuzi wa pili atatoka wapi?

Hoja ya usukani wa kulia, kwamba gari la Uingereza hufaa kwa sababu Tanzania huendesha kushoto, ni ya kweli na ni dhaifu. Usukani wa kulia unapatikana katika pikapu ya Kijapani itakayobeba magunia ya kahawa.

Zamani ya nani?

Gharama na tope ni mambo madogo yakilinganishwa na jambo la mwisho, ambalo ni la akili. Gari hilo huuzwa kwa sura ya kale. Mnunuzi hulipia ukumbusho. Na kila ukumbusho una mwenyewe.

Mwingereza akiitazama boneti ile humkumbuka babu yake, na anayo haki hiyo. Mhaya akiitazama, atamkumbuka nani? Morgan ya kwanza ya magurudumu manne ilitoka mwaka 1936. Mwaka uliofuata, 1937, wakulima wa Bukoba waliasi kanuni za kahawa walizowekewa na serikali ya kikoloni, zilizowaelekeza namna ya kutunza mashamba waliyoachiwa na wazazi wao, na ghasia zikazuka. Hiyo ndiyo miaka ambayo sura ile ya gari huitukuza kuwa ya raha na upepo mwanana. Kwa Ulaya ilikuwa miaka ya matembezi. Kwa babu za watumishi wa leo ilikuwa miaka ya kodi, ya amri, na ya kahawa iliyovushwa ziwa kwenda Kisumu kwa bei aliyoipanga mwingine. Mjukuu wa wale walioasi anapotamani kuvaa raha ya wale walioasiwa, hapo pana kasumba, na kasumba hiyo haitibiwi na injini ya kisasa.

Wajapani wamekwisha kuitambua kasumba hiyo na kuifanyia biashara. Kampuni ya Mitsuoka ilitoa mwaka 2008 gari liitwalo Himiko, ambalo ni Mazda ya viti viwili iliyovishwa madigadi ya Kiingereza ya kale. Atakayeshindwa bei ya Malvern huvutwa na nakala hiyo. Mfanyabiashara hana lawama, anauza kinachotakiwa. Lawama ni ya anayetaka.

Watani wa Wahaya huwaita nshomile, wenye kusoma, na huongeza mikogo juu yake. Utani ni utani. Lakini usomi wa Buhaya haukutokana na magari. Ulitokana na kahawa na ndizi, na na watu waliokubali kutembea kwa miguu ili watoto waende shule. Chama cha ushirika kilichoanzishwa Bukoba mwaka 1950 kilikuwa fahari ya wakulima kabla ya mtu yeyote kuwa na fahari ya gari. Msomi aliyetoka migongoni mwa wazee hao ana deni, na deni halilipwi kwa kupita barabarani akiwapungia mkono.

La kuiga na lisiloigwa

Liko jambo moja la kuigwa Malvern, na haki yataka lisemwe. Mwaka 1990 mtaalamu mashuhuri wa viwanda wa Uingereza, John Harvey-Jones, aliitembelea kampuni hiyo mbele ya kamera za televisheni ya BBC, akaishauri iachane na uzembe wake na kuongeza kasi ya uzalishaji. Wenyewe walikataa kuuacha ufundi wao wa mkono, na wateja wakaendelea kungoja zamu. Walichokitunza watu wale ni kazi ya mikono yao wenyewe, iliyofundishwa na mafundi wazee kwa vijana katika mji wao. Hilo ndilo somo. Anayenunua gari lao ameununua ufundi wa wenzake. Hakujifunza ufundi wowote.

Na Kagera haikosi ufundi wa kuukumbuka. Katika ardhi hiyo hiyo ya Katuruka na Kemondo, njiani mtu aendapo Muleba, watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walikuta mabaki ya matanuru ya kuyeyushia chuma, na mwaka 1978 wakaitangazia dunia kwamba wahunzi wa huko walijua kutengeneza chuma cha pua kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa kuipasha moto hewa kabla haijaingia tanuruni. Katika miaka hiyo ya 1970 wazee wa Buhaya waliokuwa wakiikumbuka kazi hiyo waliijenga tena tanuru na kuyeyusha chuma mbele ya macho ya watafiti. Hiyo ndiyo sura ya kale iliyo mali ya Kagera. Ni watumishi wangapi wanaopita Kemondo kila juma wakiwa na habari ya tanuru hilo? Ni walimu wangapi wamewapeleka wanafunzi wao Katuruka?

Nchi hii nayo imewahi kuthubutu. Wahandisi wa Nyumbu, pale Kibaha, waliunda lori katika miaka ya 1980, nchi ikiwa katika dhiki kubwa. Lori hilo halikuwa zuri kwa sura, lakini lilikuwa na jibu kwa swali la tope. Leo Bukoba kipo chuo cha VETA cha mkoa pale Burugo, kilichofunguliwa mwaka 2022, na ziko karakana za vijana wanaochomelea matela na kukarabati injini za boti. Mtumishi mwenye akiba na mapenzi ya mashine ana mahali pa kuyapeleka mapenzi hayo: na anunue pikapu inayofaa, na atengenezewe tela na kijana wa mtaani kwake, na mwanawe aingie chuoni akajue kompyuta ya injini ili siku moja fundi asiitwe kutoka mbali.

Mtumishi hakatazwi kumiliki gari. Mwalimu anayetembea kilomita kumi kwenda shuleni anastahili chombo, na afisa kilimo asiye na usafiri hawezi kuuona mnyauko wa migomba mpaka umemaliza shamba. Chombo hicho na kichaguliwe kwa kuitazama njia kitakayoipita na watu watakaopanda. Gari lenye viti viwili limekwisha kutoa hukumu kabla halijawashwa: la pili ni la rafiki, na waliobaki watembee. Wananchi wa Muleba wameona hukumu nyingi za namna hiyo. Watumishi na walimu ndio watu wa mwisho wanaopaswa kuitoa tena.